Udi Ulioshika Chini

Katika harusi ile ya mtaa wa Malindi, Bi Mwanapili alisifiwa kwa udi ambao hakuupika.

Alikuwa ndio kwanza avue viatu mlangoni, buibui bado liko kichwani, mwanamke wa kwanza akamshika mkono akamwambia leo umetufukiza, mwenyewe. Akadhani ni maneno ya kukaribishana tu. Alipoingia ndani, wa pili akamvuta karibu na kumsogezea upindo wa kanga yake aunuse, kama mpishi anavyoonjeshwa mchuzi wake mwenyewe. Akanusa. Sandali ilikuja mbele, miski ikafuata, na kule mwisho kabisa, pale ambapo udi wa watu wengine hukatika ukabaki moshi mtupu, kikaja kile kitamu chembamba ambacho mji mzima ulikisifu na hakuna aliyejua kinatoka wapi. Ulikuwa udi wake. Ila hakuuza hata kipande kwa nyumba ile, na hata kuulizwa hakuulizwa.

Akakaa mkekani. Kila aliyemsifu alimjibu "Alhamdulillahi" na kutazama pembeni. Akisema si wangu, wataka kujua ni wa nani. Akisema ni wangu, keshasema uongo ndani ya nyumba ya watu. Hiyo Alhamdulillahi ilimtosha kwa muda.

Aliyekuwa akipitisha chetezo ni Bi Mashavu, mpambaji wa maharusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka barazani. Alipofika mbele ya Bi Mwanapili alisita makusudi, moshi ukawa unawapanda wote wawili usoni.

"Haya, mwenyewe kaja. Tuambie, Bi Mwanapili, tumepatia au hatukupatia?"

"Mmepatia," alisema Bi Mwanapili.

"Si nliwaambia? Siku hizi nami nna mtu wangu wa kunipikia. Na katoka mikononi mwako, kwa hiyo shukrani ni zako pia."

Wanawake waliokuwa karibu walifunika midomo kwa kanga. Bi Mwanapili akainama kama anayejifukiza, na katika kuinama akaokota kipande kimoja kwenye kisahani cha udi akakifunga ndani ya leso. Alikuwa na haja ya kukinusa vizuri, peke yake, mbali na macho ya watu. Hata pale pale pua yake ilikwisha kumwambia jambo: nyuma ya udi ule palikuwa na uchungu mdogo, wa sukari iliyoshika chini ya sufuria. Wageni wasingeujua. Yeye aliujua, na jina likamjia pamoja nao. Khamisa, msaidizi wake wa zamani. Na haraka zake zile.

Nyumba yao ilikuwa Mkunazini, vyumba viwili vya chini na ua wenye jiko. Mumewe, Mzee Mkadam, alikuwa mpakizi katika ghala la karafuu mpaka vumbi lake likamharibia kifua, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa barazani asubuhi, kwani mkewe akianza kupika udi yeye hawezi kukaa ndani. Alizoea kuwaambia wapita njia kwamba yeye ndiye mwanamume pekee mjini anayefukuzwa kwake kwa harufu nzuri. Lakini alijua, na mkewe alijua, kwamba kodi ya mwenye nyumba na dawa ya kifua na wali wa mchana vyote vilitoka ndani ya sufuria ile.

Kwa hiyo Bi Mwanapili aliilinda. Sandali aliinunua duka moja, miski duka la pili, mafuta kwa Mshihiri mmoja wa Darajani, na kila duka aliongeza kitu asichokihitaji, ili muuzaji asiweze kukaa akakisia. Chupa zake zilikuwa katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikaa umefungwa kwenye pindo la kanga aliyovaa. Na ulipofika wakati wa kutia kile cha mwisho, sufuria ikiwa imekwisha teremshwa, alimpa Khamisa mgongo. Miaka yote aliyofanya kazi katika ule ua, tokea alipokuwa msichana mdogo aliyeletwa na shangazi yake kutoka Jambiani, Khamisa alitwanga, akachekecha, akakoroga, akauzoea ule mgongo kuliko mtu yeyote.

Mwaka uliopita msichana akachumbiwa kwao. Siku za mwisho mwisho Bi Mwanapili alikosa raha. Alitaka kumwapisha. Siku moja aliuteremsha msahafu kutoka rafuni, akaushika, akamtazama Khamisa aliyekuwa akipepeta unga wa sandali huku akiimba taratibu, akaona haya, akaurudisha. Badala yake akampa kopo la bati, lililokuwa la biskuti, limejaa udi mpaka juu. Akamwambia ni lake, ajifukize siku yake. Moyoni alijua kwamba kopo lile ni zawadi, na ni kufuli pia.

Sasa akamhadithia mumewe yote ya Malindi. Mzee Mkadam alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi kwa shida kidogo.

"Kwa hiyo ulitaka kumfunga mtu mdomo kwa kopo la biskuti," alisema.

"Usinicheke, Mkadam."

"Sikucheki. Nnauliza kama lilifunga."

Halikufunga, alisema Bi Mwanapili, na akamnusisha kile kipande cha udi ajionee. Mzee Mkadam akapiga chafya hata machozi yakamtoka.

Haikupita wiki, Bi Mwatima akaja. Huyu Bi Mwatima alikuwa akimwoza binti yake mwezi wa Shaabani, na alikwisha agiza udi wa harusi nzima, wa kumsinga biharusi, wa kesha na wa siku ya siku. Safari zote alikuwa akiingia mpaka uani na kujinunulia kahawa kwa maneno yake matamu. Safari hii alisimama kizingitini, mguu mmoja nje.

Akasema ameona amwambie mapema. Bi Mashavu ndiye atakayempamba mtoto, na Bi Mashavu kasema udi atautoa yeye, ule ule, basi kazi itakuwa moja na mtu atakuwa mmoja.

"Ule ule," alirudia Bi Mwanapili.

"Ndivyo asemavyo. Nami niliunusa Malindi, shoga yangu, siwezi kusema si wenyewe. Usinifanyie inda."

"Sina inda."

Bi Mwatima akajitazama vidole. "Na kile kishika mkono nlichokupa mwezi uliopita..."

Kile kishika mkono kilikwisha kuwa sandali. Kilikuwa ndani ya gunia dogo pale pale nyuma ya mlango, na Bi Mwanapili akiwa amesimama alikuwa amelisitiri kwa miguu. Akamwambia Bi Mwatima apitie baada ya Ijumaa ya wiki ile nyengine. Alivyomwambia ni kama mtu mwenye fedha ndani ambaye hana nafasi tu ya kwenda kuzitoa. Bi Mwatima akaitikia upesi mno, ikaonekana kwamba hakuamini. Alipoondoka, majirani wawili waliokuwa wakianika nguo dirishani wakarudisha vichwa ndani.

Siku ile Bi Mwanapili alitoka kwenda kwa mwalimu wa chuo cha mtaani akamwambia anataka kusomewa Halubadiri. Ni kisomo kizito. Husomewa mwizi asiyejulikana na mdhulumaji asiyekiri, na hakuna mtaa usio na habari ya mtu aliyevimba tumbo au kupofuka baada yake. Mwalimu alikuwa akila embe. Akaliweka chini, akajifuta ndevu.

"Unamsomea nani?"

"Aliyechukua kazi yangu akaiuza."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Kishaambiwa?"

Bi Mwanapili akaanza kulirekebisha buibui lake. Mwalimu akasema yeye hamsomei mtu ambaye hakuambiwa. Kwanza muhusika huendewa, akaulizwa, akapewa nafasi ya kukiri au kurudisha. Akikataa, basi. Na akaongeza, huku akilirudia embe lake, kwamba kisomo kile kikimkosa mkosaji hakipotei hewani, hurudi kwa aliyekitaka.

"Mimi nnakupa Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Na wewe nenda Jambiani kabla."

Njiani kurudi nyumbani, Bi Mwanapili alijikuta akilishika tumbo lake.

Magari ya shamba huja mjini asubuhi na kurudi alasiri, kwa hiyo anayekwenda Jambiani kwa mazungumzo hana budi kulala. Alimwachia Mzee Mkadam chakula cha siku mbili na maneno ya wiki nzima. Leso yenye kile kipande cha udi aliitia kifuani. Huo ndio ushahidi wake, na kutwa nzima alipanga namna atakavyoutoa: atasalimia, atakaa, atakunywa maji, kisha atakifungua mbele ya Khamisa na kumtazama machoni bila ya kusema kitu.

Hakupata hata kukaa. Walimwambia Khamisa yuko pwani, maji yamekupwa, akaelekezwa njia. Aliwakuta wanawake wameinama kwenye matope meupe, wakifukua makumbi ya nazi yaliyozikwa miezi mingi ili yaoze, wapate kuyaponda wasuke kamba. Mmoja akanyanyuka, akamtazama, akaja mbio na kanga imefungwa juu ya magoti.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba."

Khamisa akamkumbatia, kisha akajitoa upesi, akaficha mikono nyuma. "Nimekuchafua. Ninanuka, nisamehe."

Kweli alinuka. Harufu ya makumbi yaliyooza baharini haina mfano wake. Ilikuwa katika kanga yake na nywele zake na mikono mpaka kwenye viwiko, harufu ya miezi na miezi, ambayo sabuni haiwezi kuiondoa kwa siku moja wala kumi. Na Bi Mwanapili, ambaye alikuja na ushahidi kifuani, akasimama pale akinusa mara ya pili na ya tatu kama mtu asiyeamini mtu aliyemwona. Yeye aliujua mwili wa mpika udi. Udi huingia kwenye mizizi ya nywele. Yeye mwenyewe akioga mara tatu bado paka wa jirani humfuata. Mikono hii haikushika udi tangu ilipotoka Mkunazini. Asingeweza kuapa juu ya jambo lolote duniani kama alivyoweza kuapa juu ya hilo.

Akaomba akae, akaketishwa juu ya rundo la makumbi.

"Kuna msiba?" Khamisa aliuliza. "Mzee Mkadam?"

"Mkadam mzima. Kifua chake tu." Kisha akaitoa leso akaifungua, si kwa namna aliyoipanga, bali kama mtu anayeuliza njia. "Mwanangu, hiki kimetoka wapi?"

Khamisa hakukigusa. Alikiinamia tu, mikono bado iko nyuma, akavuta pumzi mara moja, na uso wake ukasawijika.

"Kwenye kopo langu," alisema.

Akahadithia huku akitazama matope. Mchumba wake Silima alikuwa akichoma chokaa. Wiki ya harusi tanuri likabomoka, mguu ukaingia ndani. Walimpeleka mjini hospitali, na Khamisa na mama yake wakafuata, na hapo ndipo ilipohitajika nauli, na chakula, na mahali pa kulala. Alikuwa amelichukua kopo ili amwombe Bi Mwanapili alinunue, na alifika mpaka kwenye pembe ya msikiti wa mtaani, akageuka. Utaiuzaje zawadi kwa aliyekupa? Darajani akakutana na Bi Mashavu, aliyemjua kwa kuja kununua. Likaenda.

"Na siku yako ulifukizwa nini?"

"Ubani."

Bi Mwanapili hakuja harusi ile. Kifua cha Mkadam kilikuwa kibaya siku zile. Sasa akaiona kama aliyekuwapo: biharusi aliyetwanga sandali za maharusi wa mji mzima amekaa juu ya kiti chake ananuka ubani. Akataka kusema kitu lakini alikumbuka jingine, likamzuia.

"Khamisa. Udi huu umeungua."

"Ndio."

"Nlidhani... Nlisema ni haraka zako."

"Ni ule ulioshika chini," alisema Khamisa taratibu. "Siku ile ulipokuwa ukilia jikoni ukasema ni moshi. Uliusahau motoni. Ukasema huu hauuziki."

Ndivyo ilivyokuwa. Alisema hauuziki, akautia ndani ya kopo la biskuti, akampa mtu aliyemtumikia tangu utotoni awe nao siku yake ya harusi. Na Khamisa alijua tangu siku ile ile, akaupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Wanawake wengine walikuwa wameacha kazi wakijifanya wananyoosha migongo.

"Na Bi Mashavu, hakutaka zaidi ya kopo?"

"Alitaka. Alisema atanipangishia chumba Kikwajuni nimpikie. Alitaka kujua unatia nini mwisho. Nkamwambia sijui."

"Na hujui?"

Khamisa akatazama nyuma yake, akasogea, akamnong'oneza sikioni. Neno lilikuwa moja, na lilikuwa lenyewe.

Bi Mwanapili akaikunja leso. "Miaka mingapi unajua?"

"Sikumbuki. Pua huwezi kuifunga, Bi Mwanapili."

"Basi kwa nini hukumwambia? Mguu wa Silima unauma, chumba cha Kikwajuni kile kinakungoja, wala mimi sikukuapisha."

Khamisa akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata mjini. "Kopo ulinipa, likawa langu, nkauza," alisema. "Lile jingine ulikuwa ukinipa mgongo ukilitia. Nkajua hilo si langu."

Bi Mwanapili akajifunika uso kwa upindo wa buibui. Alipoufunua alikuwa anacheka na machozi yanatoka, na Khamisa, ambaye hakuambiwa kitu juu ya mwalimu wala Ijumaa, hakuelewa kwa nini bibi huyu anajipapasa tumbo na kumshukuru Mungu.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Silima alikoka makaa katika kigae. Alikuwa akichechemea, ila kwa furaha, na alipopewa habari ya kopo akasema yeye tangu mwanzo aliona mambo hayako sawa: alioa huku ananuka ubani, kila mgeni aliyeingia akidhani amekuja kumzika. Mkewe akampiga bega. Bi Mwanapili akakiweka kile kipande cha udi juu ya makaa, akamkalisha Khamisa, aliyeoga kisimani mara mbili, akamfunika kanga yeye na kigae pamoja, moshi ukamzunguka. Kilikuwa kipande kimoja tu tena kimeungua. Harufu yake ikafika kwa majirani wa pande zote mbili.

Mwalimu wa chuo alipoambiwa Ijumaa haipo tena, hakuuliza sababu. Alisema afadhali, maana hata yeye msomaji huwa hapati usingizi siku ya kisomo kile.

Bi Mwanapili alirudi Mkunazini, akafunga mlango wa ua, akaanza kupika ule udi wa sandali ya Bi Mwatima kana kwamba hakuna aliyeukataa. Mzee Mkadam akamuuliza kutoka barazani unampikia nani. Akamjibu kopo lina mwisho wake.

Likaisha siku ya kusinga ya binti wa Bi Mwatima. Habari ilifika Mkunazini kabla ya adhuhuri: Bi Mashavu alikwangua vumbi la chini, akaongezea sandali na sukari aliyoikoroga mwenyewe nyumbani, na biharusi alikohoa hata liwa aliyopakwa ikamdondoka usoni, somo wake aliyekuwa akimfunda akafungua madirisha yote na kuuliza kama kuna kitu kinaungua jikoni. Alasiri Bi Mwatima akaja. Hakusimama kizingitini. Aliingia mpaka uani, akavua viatu, akakaa juu ya kibao bila ya kukaribishwa, akaanza kwa kuuliza kifua cha Mzee Mkadam kinaendeleaje.

"Kinapumua," alisema Bi Mwanapili. "Sinia lako la udi lile pale, limepoa. Nlijua utakuja na haraka."

"Na kile kishika mkono..."

"Umekikalia. Gunia la sandali nliyoinunua nacho ndilo hilo chini ya kibao chako."

Bi Mwatima akacheka kwa aibu na kwa raha iliyomjia ghafla. Alipotoka na sinia kichwani, mtaa mzima ulijua kabla hajafika pembeni.

Wiki iliyofuata gari la shamba lilimshusha Khamisa, kwa kuwa harusi za kabla ya Ramadhani zilikuwa nyingi na Bi Mwanapili alimwomba, alimwomba kweli, aje amsaidie mwezi mmoja na kurudi kwake na makopo mawili yasiyoungua. Walipika tokea asubuhi. Mzee Mkadam alifukuziwa barazani kama desturi. Sukari ilipofunga, Khamisa akaiteremsha sufuria, akasogea kando, na bila ya kuambiwa akageuka kuutazama ukuta.

Bi Mwanapili alikwisha fungua kabati. Chupa iko mkononi, naye mabega yake yameanza kuzunguka yenyewe, kwa mazoea.

"Khamisa," alisema, "huo ukuta una nini? Njoo ushike sufuria, mkono wangu unatetemeka."

Khamisa akaja, akaishika sufuria kwa vitambaa viwili, wakatazamana uso kwa uso, na Bi Mwanapili akakimimina kile cha mwisho.